La Fenice iliungua mara mbili: jumba la leo ni la kale au ni jipya?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi hapa Unguja. Juzi niliangalia opera iliyorekodiwa ndani ya La Fenice, lile jumba mashuhuri la Venice, Italia. Baadaye nikasoma kwamba jumba liliteketea mwaka 1996, na hili tunaloliona limejengwa upya. Je, bado ni jengo la kale, au ni jengo jipya lililovalishwa nguo za zamani? Na kama wao waliweza, kwa nini sisi tusiirudishe sinema ya Majestic pale Vuga kama ilivyokuwa?*

Marahaba. Nikujibu kwanza kwa ufupi. Kuta za nje za La Fenice ni za kale. Ukumbi wenyewe, yaani viti, vizimba vya watazamaji, dari, dhahabu na malaika waliochorwa juu, ni wa mwaka 2003. Kwa hiyo ulichokiona kwenye video ni kazi ya mafundi ambao wengi wao bado wako hai. Hata hivyo mimi silihesabu jumba lile kuwa bandia, na sababu yangu haina uhusiano na uzuri wake. Sababu ni makaratasi. Wavenice walikuwa na ramani, picha, vipimo, hata rekodi ya sauti ya ukumbi, kabla moto haujawaka. Wangekosa hivyo, fedha zote za Italia zisingewasaidia. Hapo ndipo swali lako la pili, la Majestic, litakapoamuliwa pia.

Nirudi nyuma kidogo, maana historia ya jumba hili ina mafunzo ambayo huwezi kuyapata ukianzia 1996.

Katika karne ya 18 ukumbi mkubwa wa Venice uliitwa San Benedetto. Uliungua mwaka 1774, ukajengwa tena, kisha ukazuka ugomvi wa umiliki kati ya chama cha mabwana waliokuwa na vizimba mle ndani na familia ya Venier. Chama kikashindwa kesi. Kikauza, kikaamua kujenga ukumbi wake na kuupa jina la ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Wengi hudhani jina hilo lilitokana na moto wa La Fenice. Sivyo, jina lilitangulia. Lilihusu chama kilichoanguka na kuinuka tena.

Mwaka 1789 likatangazwa shindano la ramani, zikaletwa ramani 29, akachaguliwa Giannantonio Selva. Hata hapo hapakukosekana malalamiko, kwani mshindani mmoja aliona kadhulumiwa akaenda mahakamani. Ujenzi ulianza 1790, na tarehe 16 Mei 1792 pazia lilifunguliwa kwa mara ya kwanza. Juu ya uso wa jengo palichongwa neno la Kilatini SOCIETAS, yaani chama. Wavenice, ambao kwa kejeli hawajambo, wakaitungia kila herufi neno lake, ikapatikana sentensi nzima ya kusema kwamba Selva amelijenga jumba hilo ovyo na bila mpangilio. Ovyo au si ovyo, kiwanja kilikuwa kigumu kweli. Jumba limebanwa katikati ya nyumba na mifereji, mlango mmoja unatazama uwanja wa San Fantin na mwingine unafunguka majini ili matajiri washuke moja kwa moja kutoka kwenye mashua zao. Kumbuka suala hili la mifereji, litarudi.

Moto wa kwanza ulikuja usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1836. Lawama ziliangukia jiko la kupashia joto. Ndugu wawili, Tommaso na Giambattista Meduna, wakapewa kazi ya kuujenga upya ukumbi, na tarehe 26 Desemba 1837 watu walikuwa wameshakaa vitini wakisikiliza. Mwaka mmoja na siku chache! Kwa mikono, bila winchi ya umeme wala lori. Ujenzi wa pili, wa zama zetu za kompyuta, ulichukua karibu miaka minane. Nitakueleza kwa nini.

Ukumbi huo wa akina Meduna ndio uliopata umaarufu wa dunia. Verdi aliuandikia opera tano: Ernani mwaka 1844, Attila 1846, Rigoletto 1851, La traviata 1853 na Simon Boccanegra 1857. La traviata usiku wa kwanza ilianguka vibaya sana, ingawa leo ni miongoni mwa opera zinazoonyeshwa zaidi duniani. Mwaka 1854 Giambattista Meduna alirudi kuupamba ukumbi upya, akaongeza nakshi na dhahabu kwa mtindo uliopendwa wakati huo. Mwaka huo wa 1854 nao uweke akilini.

Sasa moto wa 1996. Tarehe 29 Januari, usiku, jumba lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Halikuwa na watazamaji wala waimbaji, lilikuwa na mafundi tu. Moto ulipoanza, mashua za zimamoto hazikuweza kulifikia, kwa sababu mifereji ya karibu ilikuwa imekaushwa ili iondolewe tope. Jumba lililozungukwa na maji likakosa maji. Zimamoto ikabidi wavute mipira kutoka mbali, na helikopta ikawa inachota maji kwenye wangwa na kuyamwaga kutoka angani. Kilichookolewa hasa ni nyumba za jirani. Kulipokucha, La Fenice ilikuwa kuta nne zenye shimo katikati, wazi juu.

Mahakama iliwatia hatiani mafundi umeme wawili, mtu na binamu yake, mwaka 2001. Kampuni yao ilikuwa imechelewesha kazi na ilikuwa inakabiliwa na faini ya ucheleweshaji. Moto ulikusudiwa uwe mdogo, wa kuwapatia kisingizio cha siku chache. Fikiria jumba la miaka 200 likiondoka kwa sababu ya kifungu kimoja cha mkataba.

Naomba nitulie hapa kidogo, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa ujenzi na jambo hili halisemwi vya kutosha darasani. Jengo la kale huwa katika hatari kubwa kuliko wakati wowote pale linapokuwa linatengenezwa. Tazama Barcelona. Jumba la opera la Liceu liliungua tarehe 31 Januari 1994, miaka miwili tu kabla ya La Fenice, kwa cheche za mafundi waliokuwa wakichomelea pazia la chuma. Na pazia lile la chuma kazi yake ni nini? Kuzuia moto usivuke kutoka jukwaani kuingia ukumbini. Tazama kanisa la Notre-Dame, Paris, mwaka 2019, limezungushiwa kiunzi cha matengenezo likawaka. Na tazama kwetu. Beit el Ajaib, jumba la zamani la masultani pale Forodhani, iliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Sisemi chanzo ni kimoja, kila jengo lina habari yake. Nasema tu kwamba siku vifaa vinapoingia ndani, ving'amuzi vya moshi vikazimwa kwa sababu ya vumbi, milango ikaondolewa, kuta zikapunguzwa uzito upande mmoja na kuongezewa upande mwingine, siku hizo ndizo za kuweka mlinzi wa usiku mwenye ndoo ya maji na simu yenye salio. Bajeti nyingi nilizozipitia huweka fedha za kutosha kwa marumaru na hazina hata shilingi ya mlinzi huyo.

Basi jumba limekwisha, afanyeje mtu? Meya wa Venice wakati huo, Massimo Cacciari, alitangaza mapema kwamba litajengwa kama lilivyokuwa, pale pale lilipokuwa. Kauli hiyo haikuwa ngeni mjini. Mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko ulianguka mwaka 1902, na Wavenice wakaapa kwa maneno hayo hayo, wakaufungua tena mwaka 1912. Kila mtalii anayeupiga picha leo anapiga picha jengo la karne ya 20, na hakuna anayelalamika.

Kisha zikaja zabuni, na hapo ndipo miaka ilipopotelea. Mwaka 1997 ilishinda kampuni ya Impregilo ikiwa na mbunifu Gae Aulenti. Kundi lililoshika nafasi ya pili, lililoongozwa na kampuni ya Holzmann na mbunifu Aldo Rossi, likakata rufaa, likidai kuwa mshindi ameacha nje upande wa kusini wa jengo ambao zabuni iliutaka. Mapema mwaka 1998 baraza kuu la mahakama za utawala likakubaliana nalo, kazi ikasimamishwa ikiwa imeshaanza, akapewa Rossi. Ila Rossi mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu Septemba 1997, kwa ajali ya gari. Ofisi yake ikabaki na ramani za marehemu. Mkandarasi akajikokota hadi mwaka 2001, ndipo meya mpya, Paolo Costa, akauvunja mkataba na kutangaza zabuni upya. Kampuni ya Sacaim ya pale pale Venice ikaichukua na kuimaliza kwa muda usiofika miaka mitatu. Tarehe 14 Desemba 2003 Riccardo Muti aliongoza tamasha la ufunguzi, na Novemba 2004 ikarudi opera kamili, ile La traviata iliyozomewa mwaka 1853. Gharama hutajwa kuwa takriban euro milioni 90.

Kwa hiyo miaka minane haikuliwa na ufundi. Ufundi ulichukua sehemu ndogo tu ya muda, sehemu kubwa ililiwa na mahakama na mikataba. Ukija kufanya kazi hizi, msome mwanasheria wa zabuni kama unavyomsoma mhandisi.

Nije kwenye makaratasi sasa. Wabunifu walikuwa na nini mkononi? Walikuwa na michoro ya akina Meduna kwenye kumbukumbu za jumba. Walikuwa na picha nyingi za nyakati mbalimbali. Kwa upande wa rangi walisaidiwa na filamu ya Luchino Visconti, Senso, ya mwaka 1954, ambayo mwanzo wake ulipigwa ndani ya La Fenice kwa rangi, taa zikiwa zimewashwa na watu wamejaa. Visconti hakujua kwamba anawafanyia kazi wajenzi wa miaka 40 na kitu baadaye. Kuna jambo la kujifunza hapo. Picha ya mhifadhi huwa ya ukumbi mtupu mchana, nayo haikuonyeshi dhahabu inavyoonekana usiku watu wakiwa ndani.

Halafu kuna sauti, na hapa Wavenice walikuwa na bahati isiyoelezeka. Miezi kama miwili kabla ya moto, mtaalamu wa sauti Lamberto Tronchin alikuwa ameingia La Fenice kuupima ukumbi. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Unatoa mlio mfupi mkali jukwaani. Kwenye kiti unaweka kichwa cha bandia chenye vinasa sauti viwili, kila kimoja ndani ya sikio lake. Kinachonaswa si ule mlio tu, ni mlio pamoja na majibu yote ya ukumbi: sauti iliyogonga dari ikarudi, iliyogonga mbao za vizimba, iliyopotelea kwenye nguo za viti. Ukirudia kiti hadi kiti, unapata alama za vidole za ukumbi mzima. Ukishakuwa nazo unaweza kuchukua sauti ya mwimbaji aliyerekodiwa chumbani na kuisikia kama anaimba mle, hata kama ukumbi umeshakuwa majivu. Wataalamu wa Kijerumani wa Müller-BBM walioshughulikia sauti ya ukumbi mpya hawakulazimika kutegemea kumbukumbu za wazee tu. Palikuwa na kipimo cha kulinganisha nacho.

Ndiyo sababu vifaa navyo vilirudishwa, haikuwa ushamba wa kupenda vya zamani. Ukumbi ule kwa ndani ni kama sanduku kubwa la mbao lililosimamishwa katikati ya kuta za matofali. Mapambo unayoyaona mbele ya vizimba, yale majani na nyuso na watoto wenye mabawa, mengi si mbao za kuchonga wala plasta. Ni karatasi iliyolowekwa na gundi, ikakandamizwa ndani ya kalibu tabaka juu ya tabaka, ikakaushwa, ikapakwa rangi ya msingi, kisha ikabandikwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno, ukiipumulia inaruka. Karatasi ni nyepesi, haizilemei mbao, na haipigi sauti kwa ukali kama plasta ngumu. Ukibadilisha ukaweka zege au plastiki, jicho huenda likadanganyika lakini sikio litakushitaki. Kazi ya mapambo iliongozwa na Mauro Carosi, ambaye asili yake ni mtengenezaji wa mandhari za jukwaani, na mimi naona uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Mtu wa jukwaa anajua kitu kinavyoonekana kutoka mita 20. Kasoro ipo, nami nitaitaja: dhahabu ile inang'aa kupita kiasi. Ya zamani ilikuwa imefifishwa na moshi wa taa na pumzi za watu kwa miaka 140. Lakini kuifubaza makusudi kungekuwa uongo wa aina nyingine, kwa hiyo heri waliiacha. Miaka itaifanya kazi hiyo.

Upande mwingine walifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko ukumbi wenyewe. Kuna vyumba vya mapokezi viitwavyo Sale Apollinee, ambako moto haukula kila kitu. Huko walibakiza vipande vilivyonusurika mahali pake, vikiwa na makovu, na sehemu mpya zikazunguka vipande hivyo bila kujificha. Ukisimama karibu unajua hiki ni cha zamani na hiki kimeongezwa. Na pana ukumbi mdogo wa mazoezi na muziki unaobeba jina la Rossi, ambao haujifanyi wa kale hata kidogo. Nyuma ya wapiga muziki amesimamisha kipande cha uso wa jengo la Palladio, mbunifu wa karne ya 16, lililoko mji wa Vicenza. Kwa hiyo ndani ya jumba moja una majibu matatu ya swali lako: nakala kamili, kiraka kinachojulikana kuwa kiraka, na kitu kipya kabisa.

Lakini "kama lilivyokuwa", lilivyokuwa lini? Hili ndilo swali ambalo wanasiasa hawalipendi. La Fenice ya Selva ya 1792 haikuwa na kizimba cha mfalme, kwa sababu Venice ilikuwa jamhuri. Kiliwekwa Napoleon alipokuja mwaka 1807. Mwaka wa mapinduzi wa 1848 kikabomolewa, Waaustria, waliokuwa wakiitawala Venice, waliporudi kikarudi nacho, na baada ya Italia kuwa jamhuri nembo ya ukoo wa kifalme ikaondolewa, akawekwa simba wa Mtakatifu Marko. Kila utawala umeacha alama yake pale katikati. Wajenzi wa 2003 ilibidi wachague, nao wakashika mapambo ya Meduna ya 1854 pamoja na yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa na ushahidi wa kutosha na ndiyo yaliyokuwepo jioni ile ya moto. Jumba la Selva lingekuwa la kukisia.

Swali hilo hilo liko Forodhani. Beit el Ajaib ya Sultani Barghash ya mwaka 1883 haikuwa na saa kwenye uso wake. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake, ukavunjwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, na mnara wa saa ukaja baada ya hapo ukiwa sehemu ya jengo. Watu wakisema "irudi kama ilivyokuwa" wanamaanisha ile yenye saa, waliyokua nayo. Ni sawa, mradi ijulikane kwamba ni uchaguzi.

Kwenye vitabu vyetu vya kazi upo Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ndiyo, umeandikwa mji ule ule, unaosema ukarabati lazima usimame pale kukisia kunapoanza. Wapo wenzangu wanaousoma mkataba huo kama kwamba umekataza La Fenice yote. Mimi nausoma kwa kushika neno hilo la kukisia. Mji mkongwe wa Warsaw ulisawazishwa na Wajerumani vitani, ukajengwa upya kwa michoro na picha za zamani, na UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980. Nakala yenye ushahidi, inayokiri kuwa ni nakala, inakubalika. Kukisia kunakojitangaza kuwa historia hakukubaliki.

Basi twende Vuga. Majestic unayoiulizia si jengo la kwanza pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 palijengwa Royal Cinema kwa ramani ya John Sinclair, yule yule aliyechora Mahakama Kuu, Posta ya Shangani na jumba la makumbusho la Beit al Amani. Royal nayo iliungua, katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 ikasimama Majestic, kazi ya mbunifu Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa wakati huo wa mistari iliyonyooka na kona za mviringo. Kwa hiyo ukisema "kama ilivyokuwa" tayari una majibu mawili. Mimi ningeshika la 1955 bila kusita. Ndilo lililosimama, ndilo lililobeba jina, na ndiko wazazi wako walikokwenda kuona filamu za Kihindi na za Misri. Kuirudisha Royal ya Sinclair juu ya mwili wa Sachania kungekuwa kubomoa ushahidi ulioko kwa ajili ya ndoto.

Kazi yake ni tofauti na ya La Fenice, na kwa namna fulani ni ngumu zaidi. La Fenice ilikuwa na kuta nzima na haina ukumbi, ikajengewa ukumbi. Majestic iliporomokewa na paa, ikaachwa kwa miaka mvua za masika na vuli zikiingia ndani. Na ile si nyumba ya mawe na boriti kama Mji Mkongwe mwingine. Ukuta wa mawe na chokaa ukilowa unapumua, ukikauka unarudi, na mafundi chokaa wa kuushughulikia tunao. Angalia Dispensari ya Zamani pale Malindi, ilivyofufuliwa katika miaka ya 1990. Zege ni habari nyingine. Ndani yake mna nondo, na hewa yetu ina chumvi. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma, chuma kinashika kutu, kutu inafura kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka unaofuata urefu wa boriti ya zege, na doa la rangi ya hudhurungi linachuruzika, ujue kutu imeshafika kazini. Ukiupiga lipu ufa huo ukapaka rangi, umeficha tu. Kitu cha kwanza ni kutoboa vipande vidogo vya zege sehemu mbalimbali, kwa vina mbalimbali, vikapimwe kiasi cha chumvi. Pengine nguzo zitafaa na boriti za juu hazitafaa. Bila kipimo hicho, anayekuambia "inawezekana" na anayekuambia "ivunjwe" wote wanabahatisha.

Sauti ya Majestic imekwenda na paa lake, na sijaona haja ya kuililia. Ilikuwa sinema, sauti ilitoka kwenye spika. Kinachotakiwa ni kujua kwanza itatumika kwa nini. Mji wenye tamasha la filamu tangu 1998, linalotumia Ngome Kongwe kwa maonyesho ya usiku, unaweza kuijaza sinema yenye paa siku za tamasha. Mwezi wa tano mvua zikinyesha je? Jengo lisilo na ratiba ya mwaka mzima hurudi kuvuja baada ya hotuba za ufunguzi.

Unachoweza kukifanya wewe, sasa hivi, kabla ya mfadhili yeyote, ni karatasi. Nenda Nyaraka pale Kilimani ukaulize ramani na vibali vya ujenzi vya miaka ya 1950, vya Majestic na vya Royal. Waulize watu wa Vuga na Mnazi Mmoja picha za harusi, za Idi, za vijana waliopiga pozi mlangoni na mabango nyuma yao. Picha ya mtu ndiyo yenye maandishi ya jengo, rangi ya ukuta na umbo la taa, na aliyenayo hajui kuwa anayo. Zipige kopi, andika mwaka na jina la aliyekupa, mrudishie yake siku hiyo hiyo.

Na vipimo. Omba kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, usiingie peke yako, na usisimame chini ya kitu kinachoning'inia. Chukua futi ya mita 30, wenzako wawili na kofia ngumu. Pima urefu na upana, lakini pima na mishazari, kwa sababu vyumba vingi vinavyoonekana mraba si mraba, na mishazari ndiyo inayokuumbua. Ngazi zihesabu na kuzipima kina na kimo. Mapambo ya uso wa mbele yapige picha ukiwa umeshikiza rula kando yake. Weka nakala mahali patatu, moja isiwe Unguja. Ukimaliza nitumie, nami nitakuonyesha jinsi ya kuzichora.